Bi Deolinda Alivyowanyima Yakare Chakula

Shemeji yangu Deolinda Maciel hajawahi kumwuliza mtu kama ana njaa. Anakuangalia, anaamua mwenyewe, anapakua. Miaka mingi alipikia wachunga ng'ombe kwenye ranchi moja huku kwetu Corrientes, na wanaume waliofika pale wamekonda kama fito waliondoka hawaenei kwenye matandiko ya farasi wao. Nilipomwoa mdogo wake, Nélida, kila mtu alinionya kuhusu hasira za familia ile. Kuhusu sahani hakuna aliyenionya.

Ranchi ilipouzwa nikamwombea kazi pale ninapofanya mimi, kwenye mabanda ya yakare ya Bwana Anselmo Ferreyra. Yakare ni mamba wa vinamasi vyetu, mfupi, mpana wa pua, ana sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Kila kiangazi wapanda farasi hutuletea mayai kutoka kwenye viota, nasi tunayaangua na kulea watoto. Wengine wanaishia kuwa ngozi na nyama, sitaficha. Wengine, wakishakua kiasi cha kutomezwa na korongo, tunawarudisha kinamasini. Kazi yangu ni boila: nachoma kuni, maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya madimbwi ya saruji, na yakare wanaota joto hadi majira ya baridi yapite. Kazi ya Deolinda ikawa kuwalisha, na kutupikia sisi wafanyakazi. Sijui kama kuna mtu amewahi kupewa kazi inayomfaa kiasi kile, na nusura imponze.

Baridi yake ya kwanza pale iliishinda boila, maji yakapoa na yakare wakalegea. Bwana Anselmo alikuwa amesema wazi kwamba maji yakipoa, kulisha ni marufuku. Deolinda akawaona wamelala tu chini hawajitikisi, huruma ikamshika, akawapelekea nyama ya kusaga kwa siri, tena ameipasha moto. Baadhi yao wakala. Siku chache baadaye waliokula wakawa wanaelea matumbo juu. Bwana Anselmo akampasua mmoja mbele yetu. Nyama ilikuwa humo tumboni kama ilivyomezwa, ila imeoza.

"Hawakufa kwa baridi, Bi Deolinda," akamwambia. "Tumbo la yakare bila joto halisagi kitu. Wamekufa kwa chakula."

Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba likitokea tena, atatafuta mtu mwingine. Deolinda alichimba shimo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na wiki nzima alitupikia vyakula visivyo na chumvi. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na hakuna kinachochosha kama hicho.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha mpaka Juni, kuni zangu zikaloa hadi kiini. Kisha redio ikatangaza kwamba upepo wa kusini unakuja, ule mbaya wenye baridi kali. Bwana Anselmo akatuita.

"Kuanzia leo hakuna kulisha. Nataka baridi iwakute na matumbo matupu."

"Lakini maji bado yana joto," Deolinda akasema.

"Ndiyo maana nasema leo. Walichokula jana wakimalize."

Siku ile ilikuwa ngumu kuliko zote zilizofuata. Yakare walikuwa wazima, wachangamfu, na walimjua kwa hatua zake. Alipoingia bandani wakaanza kumlilia, ule mlio wao mdogo kama wa kifaranga mwenye koo la chura, dimbwi hadi dimbwi. Waliopiga kelele zaidi ni wale wa dimbwi la mwisho, waliokuwa wamepangiwa kurudi kinamasini baridi ikiisha. Deolinda alisimama katikati yao na ndoo tupu, kisha akatoka, akanifuata kwenye boila na kuninyooshea ufunguo wa chumba cha nyama.

"Kaa nao wewe, shemeji."

"Bwana kakupa wewe."

"Najua kampa nani. Mimi sijiamini. Na nikija kukuomba usinipe, hata nikilia."

"Hata ukinitukana?"

"Hapo ndo usinipe kabisa."

Upepo ukafika na kuchana plastiki za banda. Tulizishona huku vidole havina hisia. Kuni mbichi zilitoa moshi mwingi na moto wa kubembelezwa, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Maji yakazidi kupoa mbele ya macho yetu. Yakare wakanyamaza, wakatulia chini kama mawe, na kimya hicho kilimtesa Deolinda kuliko vile vilio. Akaja, kama alivyokuwa ametabiri.

"Wa dimbwi la mwisho tu, Crispín. Kidogo."

"Hapana."

"Kiganja kimoja."

"Wewe mwenyewe ulisema nisikupe."

"Na wewe tangu lini unanisikiliza? Nélida anakulalamikia kila siku kwamba husikii, leo ndo umepata masikio?"

Nilishika ufunguo mfukoni nikatazama moto. Alinitukana kidogo, matusi ya kawaida ya kwao, kisha akaenda zake jikoni. Muda si mrefu nikasikia sufuria.

Hamu yote ile ya kulisha ilibidi iende mahali, ikaja kwetu. Tulikula mchuzi wa mahindi na mifupa, tukala mikate ya chipa ingali inachoma mikono, tukala maboga kwa jibini, na kabla hatujashusha pumzi sahani ilikuwa imejaa tena. Ceferino, aliyekuwa akisomba kuni nami, alifungua tundu la mwisho la mkanda wake.

"Bi Deolinda, sema ukweli. Ushapata mnunuzi wa ngozi zetu?"

"Yako nani ataitaka, imejaa makovu. Kula."

Hatimaye upepo ukachoka. Jua likatoka, kuni zikakauka, boila ikaanza kunguruma kama zamani. Bwana Anselmo akatia kipimajoto kwenye kila dimbwi na kusema tunaweza kuanza kulisha. Nilifungua chumba cha nyama kwa furaha, nikajaza ndoo. Deolinda akanipiga kibao cha mkono.

"Bado."

"Maji yana joto. Bwana kasema."

"Maji ndiyo. Na wao je? Mwili umeganda siku zote hizo, unadhani unapata moto kama birika? Ngoja waite wenyewe."

Tukangoja. Jioni ile hakuna kilicholia, na nilianza kuogopa kwamba tumewaua kwa njaa baada ya kuwaokoa na baridi. Deolinda naye aliogopa, niliona jinsi alivyokuwa akikunja na kukunjua aproni yake. Hata hivyo, ndoo hakuigusa.

Asubuhi nilikuwa nachochea moto nikausikia: mlio mmoja kutoka dimbwi la mwisho, halafu wa pili, kisha banda zima. Deolinda alikwisha fika mlangoni. Aliwatupia kidogo kidogo, akiangalia kila kinywa. Walirukia nyama na kuirarua, wakapandana migongoni kuigombania. Tulikuwa tumepoteza wachache waliozaliwa dhaifu, basi. Wengine wote walikuwepo, na kazi ya Deolinda pia ilikuwepo.

Ndoo ilipoisha akakaa kwenye ukingo wa saruji.

"Shemeji, kuna chipa imebaki?"

Nilikuwa na moja mfukoni, imepoa na ngumu. Akaila yote, akakung'uta hadi makombo, akauliza kama kuna nyingine. Ndipo nikaanza kuzikumbuka zile sahani zote alizotujazia, na katika zote sikuweza kuikumbuka yake. Tangu upepo uanze sikuwa nimemwona na kitu mkononi isipokuwa kibuyu chake cha yerba, chai yetu chungu ya moto.

"Deolinda, wewe hujala?"

"Ningekulaje," akasema, "na wale nimewanyima?"

Nikaenda jikoni kumtafutia nyingine. Njiani ilibidi nisimame, maana machozi yalinijia, na mchoma kuni anaweza kusingizia moshi akiwa karibu na boila tu.