Mvumo wa Spika ya Msikitini

Umeme ulipofika kwenye msikiti wetu mdogo wa bondeni Kimisagara, tuliistaafisha betri ya gari iliyokuwa ikiendesha amplifaya, na hapo ndipo mvumo ulipoanza. Spika ilivuma kabla ya adhana, wakati wa adhana na baada yake. Muadhini alikuwa baba mkwe wangu, fundi cherehani, mjane. Baadhi ya wanakamati walisema sauti yake imechakaa, atafutwe mwingine. Yeye alisema ni mashine. Basi kamati ikaamua mashine itengenezwe kwanza, ndipo mzee asikilizwe vizuri. Na fundi, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa mimi.

Mchana nilitengeneza redio za watu. Jioni, macho yakiuma, nilihangaika na kisanduku cha kuilisha amplifaya umeme. Umeme wa bonde lile ulikuwa mchafu. Mchomeleaji mmoja akianza kazi, taa zetu zote zinakonyeza. Niliongeza kapasita kubwa za kumeza mawimbi. Mvumo ukapungua kidogo tu. Sehemu ya mikrofoni, inayonasa hata mnong'ono, nikaipa njia yake ya umeme iliyochujwa mara ya pili. Nikaisogeza transfoma mbali na nyaya zake, nikaigeuza ubavu. Bado. Nilikichukia kile kisanduku kama mgeni asiyeaga. Mwishowe nikaona kwamba nyaya za ardhi zimefungwa sehemu mbili. Nikazikusanya zote kwenye skrubu moja, na spika ikanyamaza. Niligonga mikrofoni nikidhani nimeunguza kitu.

Nilimwita mzee peke yake, tukafunga mlango. Nilichomoa spika ya paani, nikaacha ile ndogo ya ndani, nikamwomba ajaribu maneno ya mwanzo. Sauti ilitoka safi mno. Tulisikia pumzi ikimkatikia, tukasikia mikwaruzo, tukasikia neno likianza bila kufika. Alinyamaza kabla sijamwambia anyamaze, akakaa chini kando ya kisanduku.

“Mwanangu,” alisema, “kumbe si mashine. Sauti yangu ndiyo iko imekwisha. Ile kelele ilikuwa inanifunika. Unaweza kuirudisha hiyo kelele?”

Tangu mkewe afariki, adhana ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Nilijua hilo, na roho iliniuma. Pia nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kubishana na mtu yeyote. Nikafungua kisanduku, nikazitenganisha tena zile nyaya.

Ijumaa spika ilivuma kama zamani, na ndani ya mvumo huo mzee akaita watu. Kamati ikasema mzee aendelee mpaka apatikane fundi mwingine. Mmoja wao aliniambia mbele ya watu kwamba kosa ni lao, wangemtafuta mapema mtu anayeijua kazi. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama palepale, akiangalia mkeka. Nikasema ni kweli, mvumo umenishinda.