Orijino Tupu

Hamphrey amemuoa mdogo wangu, kwa hiyo nikimsema msishangae. Shemeji ni wangu na ruhusa ninayo. Ana kibanda cha video hapa Liuli, kandokando ya ziwa, kwenye njia ya kwenda hospitali: mabenchi sita, projekta ya kuungaunga na kompyuta moja nene kama Biblia ya mimbarini. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu, ORIJINO TUPU. Kwa maneno hayo mawili anatoza kiingilio kikubwa kuliko mtu yeyote mwambao mzima. Jua liwake lisiwake, yeye yuko mlangoni kachomekea shati, anasema, "Karibuni, hapa feki haiingii." Mama muuza usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, akipita na ndoo yake, Hamphrey anamfukuza, eti anaharibu hewa ya sinema. Jamani, Liuli hii nani wa kumfukuza usipa?

Mwezi wa saba ikafika CD ya Bibi Hedwiga. Bibi huyu ni Mmatengo, alishuka ziwani kutoka Mapera akiwa binti mbichi, kaolewa na Nathanieli, mcheza ngoma ya mganda. Nathanieli amefariki miaka kumi na minne sasa, na picha yake iliyobaki ni moja tu, ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe. Lakini zamani Mzungu mmoja alipita huku na kamera akirekodi ngoma za ziwani. Sasa filamu yake imetolewa huko Uingereza, imefungwa kwenye kasha zuri, na nakala moja ikatumwa kwa padri wetu. Padri akampelekea bibi na kumwambia, "Mzee wako yumo."

Jicho la kulia la Bibi Hedwiga limeshakufa. La kushoto lina ukungu, na kila mwezi ukungu unazidi. Daktari kamwambia asitegemee sana mwaka ujao. Alichotaka kilikuwa kimoja: amwone Nathanieli akicheza kabla jicho halijafunga.

Deki ya padri iliikataa CD. Deki ya Erasmo mwenye duka ikaitema. Hizo kompyuta nyembamba za siku hizi hazina hata mahali pa kuingizia CD. Basi nikamshika bibi mkono, tukaenda kwa shemeji.

Hamphrey akaiingiza. Kompyuta ikanguruma, ikaandika maneno yake. Akavua miwani.

"Bibi, hii ni ya ukanda wa pili."

"Ukanda gani tena?" nikauliza mimi, maana bibi alikuwa ameduwaa.

Akatueleza. Wenye filamu wameikata dunia vipande: Marekani ukanda wa kwanza, Ulaya wa pili, sisi wametutupa wa tano. CD halali ya Ulaya haichezi kwenye kompyuta iliyowekwa ukanda wetu. Unaweza kuibadilisha kompyuta, ila mara tano tu. Ukimaliza ya tano, inaganda hapo ilipo mpaka Yesu arudi.

"Umebakiwa na ngapi?"

"Moja."

Nne alikwisha kuzila. Alikwenda Marekani akarudi, akaenda Ulaya akarudi, yote humo humo kwenye kompyuta, kwa ajili ya CD alizotumiwa na marafiki.

"Nikibadilisha leo, shemeji, nimeganda Ulaya. CD zangu zote za ukanda huu zitakataa. Nitakula nini?"

"Utakula usipa."

Hakucheka. Jasho lilimtoka mpaka nikashangaa. Bibi Hedwiga akaifunga CD yake kwenye pindo la kanga. "Basi mwanangu," akasema, "usiharibu kazi yako kwa ajili ya marehemu." Akatoka akipapasa ukuta.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Habari ya ukanda nikaitangaza mji mzima, na Jumapili baada ya ibada nikawakusanya akina mama wote, tukaingia kibandani mchana kweupe, watu wamejaa.

"Hamphrey," nikasema, "usipobadilisha sasa hivi, mdogo wangu anarudi nyumbani leo leo!"

"Mimi siendi popote," mdogo wangu akajibu kutoka nyuma. "Dada, usinitie mimi humo."

Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Hamphrey yeye alikuwa anamtazama Bibi Hedwiga, ambaye alikuja na kigoda chake mwenyewe, kakiweka mbele kabisa, pua karibu iguse kioo cha kompyuta, anapangusa lile jicho moja kwa kanga.

"Haya," akasema shemeji. "Liwalo na liwe." Akabonyeza.

Ziwa likatokea. Kisha ngoma, kisha wanaume wa mganda kwa mistari, kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini. Bibi alitafuta, akatafuta, halafu akapiga kelele, "Yule! Mwenye shingo ndefu!" Akakigusa kioo kwa kidole. Nathanieli alikuwa mstari wa nyuma, anakosea hatua, anamchungulia mwenzake.

"Muongo mkubwa!" bibi akasema. "Miaka yote ananiambia yeye ndiye kapteni!" Akacheka, machozi yakamtiririka, nasi sote tukalia bila aibu.

Ilipokwisha, Erasmo, ambaye mdomo wake haujui kukaa, akasimama. "Pole sana, Hamphrey. Hebu tuuone msiba wako." Akachukua CD moja kwenye zile orijino, akaiingiza. Ikacheza. Akaingiza nyingine. Ikacheza. Ya tatu, ya nne, zote zinaimba tu.

Erasmo akageuka polepole. "Si ulisema halali ndizo zinazokataa?"

Kibanda kikalipuka. Feki bwana haina mpaka wala pasipoti! Mama wa usipa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikamsogelea shemeji.

"Ulijua?"

"Tangu ile mara ya kwanza. Kompyuta nimeihamishia Marekani, na bado CD zangu zote za huku zinacheza. Muuzaji wa Mbinga aliyeniuzia alinipiga kwa feki, nami nikawapiga ninyi."

"Na leo ukabonyeza?"

"Sasa ningefanyaje, shemeji? Si unaona alivyokaa?"

Watu walikuwa bado wanamzomea, wanadai viingilio vyao, naye kainamisha kichwa. Bibi Hedwiga akagonga kigoda chake mpaka wakanyamaza.

"Muacheni," akasema. "Mimi nimeishi na muongo miaka thelathini na saba, na leo ningetoa hili jicho nimpate tena. Hamphrey mwanangu, nirudishie pale anapokosea."