Mashine ya Nta Yenye Usukani

Niliondoka nyumbani kwa sababu mume wangu alitaka kuuza mizinga yake ya nyuki. Mwaka jana alikuwa akikamua nta ya moto kwa fremu ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, mbao ikapasuka, sufuria ikamrukia. Mkono wa kulia ulipona ngozi, vidole havikupona. Vimejikunja, havishiki hata kikombe. Tangu hapo masega yakawa yanarundikana kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nondo wanakula, na mume wangu, Baba Kulwa, anashinda kwenye kiti. Mimi sikuolewa na mtu wa namna hiyo. Jirani yetu Luhende, mfugaji, alishakubaliana naye kuja kuichukua mizinga Jumamosi. Nikaapa kwamba kabla ya siku hiyo nitakuwa nimepata mashine ya kukamulia ambayo mume wangu ataiweza. Yeye nilimwambia naenda Mwanza kumsalimia dada yake.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi Sengerema, ndoo ya masega ipo miguuni. Wanaokumbuka kivuko cha Busisi wanajua tulivyokuwa tunakaa pale hadi mahindi ya kuchoma yanaisha hamu. Siku hizi unapita juu ya daraja, ziwa liko chini yako, na kabla hujamaliza sala yako ya woga umeshafika Kigongo. Niliimaliza hivyo hivyo, maana sala haiachwi katikati.

Mirongo, kwenye maduka ya Mwanza mjini, nilifika jua likiwa limeanza kuchoma. Nilikuwa na kanuni moja tu: kila mashine nitaijaribu kwa mkono uliofungwa. Nilizungushia kitenge vidole vyangu vya kulia nikavikaza ngumi, nikaingia madukani hivyo hivyo. Watu walidhani nimeumia, wakanipa pole. Nikazipokea, maana pole haiozi.

Katika duka la vipuri, kijana muuzaji alinionyesha kimashine cha kutoka nje, kizuri, kina vibati viwili vya kupashwa moto kwa umeme.

"Shikamoo mama. Hiki kinabana vizuri sana."

"Marahaba. Kinabana nini? Hapa halikai hata sega moja."

Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Kusema kweli, mama, huko ng'ambo wanakamulia utomvu wa bangi nyumbani kwao. Ila hata nta kitakamua."

"Na askari akinikuta nacho barabarani nimwambie nini?"

"Mwambie nta."

"Mwambie wewe," nikasema, nikatoka. Nilicheka hadi nikasahau kwamba nimetoka mikono mitupu.

Kwa wachomeleaji walinionyesha fremu ya chuma yenye jeki ya gari. Hiyo niliipenda. Mpini wa jeki unasukumwa kwa kiganja, vidole havihitajiki. Nikasukuma, ikabana sawasawa. Lakini ili kuilegeza lazima uzungushe kaskrubu kadogo chini, na kale kanataka vidole hasa. Halafu nikaona tone la oili limedondokea kwenye bati la kubania. Nta yetu inanunuliwa kwa harufu yake, nani atataka nta inayonuka gereji? Nikaaga, moyo mzito.

Jioni nilifika Buhongwa kwa wifi yangu Minza, dada wa mume wangu. Minza hana simile.

"Wifi, umekuja na ndoo ya nondo. Huko kwenu zawadi zimeisha?"

Nilipomweleza kilichonileta, utani ukamtoka. Alinishika ule mkono wenye kitenge akautazama kwa muda. "Kaka yangu anauza nyuki," alisema polepole. "Basi hali ni mbaya kuliko alivyonieleza kwenye simu." Kesho yake akanipeleka kwa jirani yake, Fundi Sospeter, anayetengeneza mageti.

Sospeter ni mtu wa kujisifu, lakini ana sababu ya kujisifu. Alinichorea chini kwa chaki: fremu ya chuma kizito, pipa fupi lenye matundu likae ndani yake lisiweze kuruka, na juu bolti nene ndefu inayoteremka ikizungushwa. Hakuna jeki, hakuna oili. Bei tulielewana. Jumatano ikawa tayari, isipokuwa juu ya bolti alikuwa amechomelea nondo ya chuma ya kukingama ya kuzungushia. Nikaijaribu kwa ngumi yangu ya kitenge. Kila nikisukuma, mkono unateleza.

"Mama, hiyo inataka kushikwa," akasema.

"Mwenyewe hawezi kushika. Ndiyo maana niko hapa."

"Basi mtafutie kibarua wa kumsaidia."

Hilo neno lilinichoma. Kibarua wa kumzungushia Baba Kulwa nta yake mwenyewe, naye amekaa kitini anaangalia. Nikageuka nisionekane macho, ndipo nikaona nyuma ya banda pikapu kuukuu iliyokatwakatwa, usukani wake bado umening'inia.

"Ule usukani una kazi?"

Sospeter akaniangalia, akamwangalia wifi. "Mama, unataka kukamua nta au unataka kwenda Shinyanga?"

"Uchomelee, tutajua nikishauendesha."

Alhamisi tuliijaribu uani kwa Minza. Tulichemsha masega yale, tukayatia kwenye kigunia, tukakiweka ndani ya pipa. Nikaingiza mkono kati ya vyuma vya usukani, nikausukuma kwa kigasha, si kwa vidole. Ukazunguka. Kwenye mdomo ulio chini ya pipa yakaanza kutoka maji machafu, kisha nta, ya manjano, nzito. Chuma hakikulia, pipa halikutikisika. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Sijui kama nilikuwa nalia au nacheka, ila najua nilijihisi mwepesi.

Ijumaa nilirudi nayo kwenye buti la basi. Nyumbani nilifika jua linazama. Mume wangu aliizunguka mara moja.

"Umekwenda kumsalimia dada yangu, umerudi na gari?"

"Dada yako anakusalimia."

Hakuigusa. Akaingia ndani, nami furaha yote ikanyauka.

Jumamosi asubuhi Luhende alifika na mkokoteni wake wa ng'ombe kuchukua mizinga. Mimi nilikuwa nimeshawasha moto na masega yanachemka. Baba Kulwa alisimama mbali, mgongo umegusa ukuta wa ghala, macho yapo kwenye mvuke. Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki nzima nimehangaika na vidole vyake, kumbe kilichomfunga ni hofu. Sikumwita. Nilitia kigunia, nikazungusha usukani mwenyewe, uso wangu karibu kabisa na pipa, taratibu, ili aone kwamba hakuna kinachoruka. Luhende naye, Mungu ambariki, alibaki akimkuna ng'ombe shingoni.

Nta ilipoanza kutoka, nilisikia hatua. Akasimama nyuma yangu, pumzi zake nazisikia. Kisha akanisogeza kwa bega, akaingiza mkono wake ule katikati ya usukani, akasukuma. Mzunguko wa kwanza alifumba macho. Wa pili aliyafumbua.

"Luhende," akasema bila kugeuka, "ng'ombe wako wapeleke wakanywe maji. Mizinga haitoki."

Luhende alicheka, akasema ng'ombe wenyewe hawakupenda nyuki tangu mwanzo, akaondoka na mkokoteni mtupu.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba Mwanza unaweza kutengenezewa karibu kila kitu, hata chombo kinachoufaa mkono uliolemaa. Lakini hatua zile kutoka kwenye ukuta wa ghala hadi kwenye pipa, hakuna fundi wa kumchomelea mtu. Lazima azitembee mwenyewe, na sisi wengine kazi yetu ni kuacha njia wazi.

Jioni, wakati nta inapoa, aliniambia neno ambalo hakuwa amenieleza mwaka mzima.

"Nilikuwa naogopa."

"Nilijua," nikamjibu.

Sikuwa nimejua hadi asubuhi ile, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha.