Magoti Yangu Kwenye Vanishi Mbichi

Wasomaji, hapa Isaka hakuna anayenishinda kupaka sakafu, na bado nasema hivyo. Juzi nilipaka vanishi gereji ya malori, saruji ikang'aa kama kioo. Nikasimama mlangoni nikiwafokea madereva: "Atakayekanyaga atanitambua!"

Mara akaja baba mkwe kutoka Samuye. Kwetu Wasukuma mkamwana hamsalimii mkwe wima. Nikarudi nyuma kidogo, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ubaridi wa vanishi ndio ulionishtua. Nilipoinuka, mwenye gereji alikuwa ameshafika, anakodolea macho alama chini.

"Nani kaharibu?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimsingizie dereva, baba mkwe akajibu kwa fahari:

"Ni mkamwana wangu. Ana adabu sana huyu!"