Kapteni Alipokuwa na Miaka Sita

Mtaani wanamwita Kapteni, na anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hutarajia jitu la miraba minne. Badala yake hutokea mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, mkobani chupa mbili za maji ya uvuguvugu. Kwa miaka tisa yeye ndiye sauti ya kijana mmoja wa katuni, kapteni wa maharamia, anayepigana na nusu ya dunia na kuwashinda wengi kwa kelele tu. Watoto wa jirani walipoambiwa, hawakuamini mpaka alipotoa kichwa dirishani akawaamuru wapandishe tanga. Waliacha mpira wakatawanyika, mmoja hata viatu alisahau.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Chumba ni kidogo kama stoo, kuta zimefunikwa sponji, na feni huzimwa kabla ya kurekodi, maana maikrofoni husikia kila kitu, hata tumbo la mtu aliyechelewa kula. Kapteni huvua bangili na viatu, akasimama mbele ya skrini, akayalinganisha maneno yake na midomo ya mchoro. Mdomo ukifumbwa, naye afumbe wake. Nafuu yake ni mgongo tu. Mhusika akigeuka, mdomo hauonekani, na hapo unaweza kumchomekea maneno yoyote unayotaka.

Sasa kikaja kipindi cha utoto. Baada ya miaka tisa ya mapanga, wachoraji waliamua kuonyesha kapteni alivyokuwa na miaka sita, siku mama yake alipopanda meli akamwacha gatini. Asubuhi ile mwongozaji, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alimvuta Kapteni kando akamwambia ukweli, macho yakiwa sakafuni.

"Mama, wenye kituo cha televisheni wanakuja leo kusikiliza kilio cha huyo mtoto. Kisipowaridhisha watatafuta sauti nyingine. Na si ya mtoto tu. Watabadilisha hata ya ukubwani, ili zifanane."

Kapteni alicheka, akasema kulia ni kazi ndogo, yeye amelea wanne. Moyoni lakini alinywea. Alimpenda yule kijana mkorofi kuliko alivyowapenda watu kadhaa wa ukoo wake, na hakuona haya kulisema hilo mbele yao.

Akalia. Mara ya kwanza ilisikika kama shangazi msibani. Mara ya pili alikuwa shangazi yule yule, ila sasa ameambiwa chakula kimekwisha. Mara ya tano fundi mitambo aliinama chini ya meza, eti anatafuta waya. Kufika mara ya tisa hakuna aliyecheka tena, na mwongozaji akasema waende wakale kwanza.

Kapteni hakula. Alikwenda kukaa kwenye ngazi, akampigia simu mama yake mzazi.

"Mama, nilipokuwa mdogo, ukienda kazini nilikuwa nalia vipi?"

"Ulie wewe?" Mama yake alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wako ndiye alikuwa mlizi. Wewe ulikuwa na maswali. Mama, umechukua kitambaa? Mama, ufunguo uko wapi? Mama, leo ndiyo kesho? Nikijibu hili unaleta lile, mpaka basi linaniacha. Nimekaripiwa kazini kwa ajili yako, mwanangu, mpaka nikazoea."

"Sasa kwa nini hukuninyamazisha?"

"Ningekunyamazisha ungelia. Na ungelia, mimi nisingetoka."

Mama yake alipokata simu, Kapteni aliinuka pale ngazini. Alisikia uchungu wa zamani sana, na juu yake furaha, maana sasa alijua la kufanya. Akarudi ndani mbio mbio, miguu mitupu.

"Huyu mtoto anatupa mgongo sekunde ngapi?" alimuuliza fundi.

"Kumi na nne. Lakini mama, hapa pameandikwa analia."

"Nimeona. Nipe zote kumi na nne."

Feni ikazimwa. Nyuma ya kioo walikuwa wamekwisha kukaa wenye kituo wawili, mikono kifuani. Kwenye skrini meli ikang'oa nanga, na mtoto akasimama gatini, mgongo kwetu. Kapteni akashika pindo la gauni lake mwenyewe, akalikaza.

"Mama, umechukua koti? Mama, huko kuna kitanda? Mama, meli ikichoka inakaa wapi? Usijibu haraka. Jibu polepole. Mama, nikiwa mrefu, utanijuaje?"

Meli ikapotea. Mmoja wa wenye kituo aliinuka akasema ana simu ya kumpigia mama yake, akatoka. Mwenzake alimnong'oneza mwongozaji maneno mawili matatu, akasaini karatasi papo hapo. Mwongozaji akaufungua mlango wa chumba.

"Mama, wamekubali. Kapteni ni wako, mdogo na mkubwa. Kuna vipindi vingine vitatu vya utoto, tunaanza kesho."

Kapteni alitaka kushukuru kama mtu mzima, lakini ile sauti ya miaka sita ilikuwa haijamtoka.

"Kesho saa ngapi? Na wewe utakuwepo? Na nikifika kabla yako, nikae wapi?"

Mwongozaji alikuwa na kikao cha kuwahi, na begi lilikuwa tayari begani. Alilishusha, akavuta kiti, akamjibu yote, moja baada ya jingine.