Simama Nyuma ya Gari Lako

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, na ndiyo maana nimekuita uketi kabla hujampelekea fundi hilo gari. Nasikia amekuambia ukate masega yaliyo ndani ya bomba la moshi. Mimi nasema hukati. Sikiliza kwanza.

Nilikuwa kijana, nikibeba mbao za Elburgon hadi Nakuru kwa pikapu yangu ya kwanza. Ikaanza kukosa nguvu kila nikirudi kupanda Elburgon. Fundi akalala chini yake, akagonga ule mkebe ulio kwenye bomba la moshi, akasema masega yaliyomo ndiyo yanaikaba injini. Tuyakate, akasema, yeye ana mtu wa kuyanunua. Nilikubali papo hapo. Nilikuwa mtu wa haraka, na bado niko hivyo, usicheke.

Shangazi yangu Tabitha alikuwa ndani ya pikapu. Nilikuwa nampeleka kliniki kwa sababu ya pumu. Akashuka polepole.

"Kijana, hiyo kitu unataka kutoa inafanya kazi gani?"

"Mathe, ndani imepakwa madini inaitwa paladiamu, nyembamba sana. Moshi ikipita hapo ikiwa moto, ile sumu inageuzwa, inatoka ikiwa afadhali."

"Na hiyo paladiamu inaisha?"

"Hapana, mathe. Haishiki kutu, haichomeki. Inageuza moshi, yenyewe inabaki vile iko."

Shangazi akanigeukia. "Kwa hivyo unafuta mfanyakazi hata haombi chakula?"

Nikamjibu kwamba gari ni langu. Neno hilo lilimkera kweli. Akazunguka, akasimama nyuma, karibu kabisa na bomba la moshi, dawa yake ya kuvuta mkononi.

"Sawa. Kata, halafu uwashe. Mimi niko hapa. Wewe unakaa mbele, moshi yako huwezi sikia."

Nilimsihi aondoke. Hakusogea hata kidogo. Niliona aibu, kisha nikaogopa, maana kifua chake nilikijua. Nikamwambia fundi aache masega, atafute shida kwingine. Akafungua kichujio cha hewa, akakikuta kimejaa unga wa mbao hadi pomoni. Tukaweka kingine, na jioni hiyo pikapu ilipanda Elburgon bila kulalamika.

Baadaye nilijifunza kwamba madini hayo meupe ni ya bei kubwa, huchanganywa na dhahabu ya pete, hutiwa kwenye meno ya bandia, na yamo hata ndani ya simu nyingi. Hunyonya haidrojeni kama sifongo inavyonyonya maji. Lakini kila nikisikia paladiamu ikitajwa, namwona shangazi amesimama pale.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii. Fundi akikuambia ukate kitu, muulize kinafanya kazi gani, na kinamfanyia nani. Watoto wa shule wanaosubiri kuvuka barabara pale Njoro gari hawana, ila moshi wako wataupata. Shida ya gari itafute hadi uipate. Usikate kinachomlinda mtu usiyemwona. Na ukikata, nitakuja kusimama nyuma ya gari lako, hivi nilivyozeeka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe safari njema na kifua kizima, wewe na kila atakayesimama nyuma yako.