Fundi, Niondolee Kelele Tu

Juzi niliomba lifti kwa mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akienda Bugomora na mkewe. Tulipofika Igurwa akasimama gereji.

"Breki zenyewe nzima," alimwambia fundi. "Niondolee hii kelele ya mbele tu."

Fundi aliweka mawe kwenye matairi ya nyuma, akalegeza nati, akainua gari kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi ya chuma. Akalitikisa kwanza, ndipo akatoa gurudumu. Kalipa, ile inayobana diski, aliitundika kwa waya ili mpira wa breki usivutike. Pedi za breki zilikuwa zimelika hadi chuma, na diski imechimbika mifereji.

"Si upake grisi?" mzee aliuliza.

"Nikipaka, kelele itaisha," fundi alijibu, akifuta mikono. "Na breki zitaisha."

Mzee alimtazama mkewe, akakitazama kilima kilicho mbele yetu, akakubali pedi na diski mpya za pande zote mbili.

Wengi wetu gereji hatupeleki ugonjwa, tunapeleka kelele.

Tulipokuwa tukiteremka kile kilima, gari lilikuwa kimya kabisa. Mkewe akasema kwa upole, "Baba, punguza mwendo kidogo."

Mzee akawasha redio.